Mikono ya Popo Gutu

Kituo cha hali ya hewa, kisiwani
4 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila visigino vimejaa malengelenge na pua imebambuka kwa upepo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Na miwani vua, maana najua utailowesha.

Yupo, Baba. Popo gutu yupo hai.

Nimemwona jana saa nne asubuhi, jua kali, akipita nyuma ya choo cha kituo kama mtu aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau alichotumwa. Ukubwa wa paka, manyoya ya rangi ya kutu, masikio mapana kama miiko. Hakuruka, hakuning'inia, hakukimbia. Aliponiona alisimama, akaninusa kwa mbali, akaona sina maana, akaendelea na safari yake. Miaka thelathini na moja vitabu vya shule vinasema mnyama huyu ameisha duniani, kwamba kilichobaki ni ile mifupa uliyoiunga wewe ndani ya kabati la kioo, ukumbi wa pili, upande wa kushoto. Kumbe mwenyewe hana habari kwamba ameisha.

Nililia. Mkuu wa kituo, mama mmoja tunayemwita Mama Kipimo kwa sababu hupima mvua hata siku ambayo haikunyesha, aliniuliza kama nimepigwa na jua. Nikamwambia huyu mnyama nimekua naye. Nikamweleza jinsi mama alivyofariki nikiwa mchanga, ukawa unanibeba kwenda kazini, nikilala kwenye droo ya kumi na moja ya karakana ya makumbusho, ile iliyoandikwa "Mchanganyiko". Kila nilipofumbua macho wa kwanza kumwona ulikuwa wewe, wa pili popo gutu, mifupa mitupu juu ya waya, kila mkono una kidole gumba kimoja na baada ya hapo basi. Mama Kipimo akasema, "Ndiyo maana huogopi kitu. Umelelewa na maiti."

Tuko watatu tu hapa: mimi, yeye, na mpishi ambaye pia ni fundi wa jenereta, na chakula chake kina harufu ya kazi zote mbili. Redio ipo, lakini ni ya hali ya hewa peke yake. Mama Kipimo hataki porojo hewani. Kwa hiyo tutaandikiana barua, na meli ya mizigo ndiyo itakayozibeba.

Sasa hivi inapiga honi. Nina miezi mitano ya kumfuata huyu bwana mpaka nijue amefikaje alivyo. Nitakueleza kila kitu.

Mwanao wa droo


Nyumbani
20 Februari

Mwanangu wa droo,

Marahaba. Miwani nilisahau kuivua na kweli imelowa.

Barua yako nimeisoma mara nne, halafu nikaenda nayo makumbusho, mimi mstaafu, nikamsomea yule wa kwenye kabati. Mlinzi alinitazama sana. Nikamwambia nampa salamu za ndugu zake.

Mwanangu, hujui ulichonipa. Unakumbuka nilivyokusimulia? Boksi lile lililetwa na baharia, boksi la sabuni, mifupa aliyoiokota pangoni kisiwani huko, kila fungu limeviringishwa gazeti la lugha nisiyoijua. Lilikaa mlangoni wiki mbili, wenzangu wanaliruka tu. Ulikuwa na miezi minne. Mkono wa kushoto nimekushika wewe na chupa yako, mkono wa kulia napanga mifupa mezani. Kanuni ilikuwa ile ile niliyokufundisha kabla hujajua kusoma: mfupa unaokataa kuingia usiulazimishe, huo ni mgeni, mtoe. Pangoni hufia wengi. Lile boksi lilikuwa na wageni wake, niliwatoa. Waliobaki ndio wenyeji, nao wakanionyesha popo aliyeacha kuruka mpaka mikono ikamwisha. Mimi ndiye niliyempa jina la gutu. Profesa mmoja alisafiri siku tatu kuja kumwona. Alisimama pale dakika ishirini, kisha akanipa mkono, mimi ambaye shule ya msingi sikumaliza.

Habari yenyewe sasa. Mkurugenzi amenifuata mpaka nyumbani na keki. Tarehe 20 Juni ukumbi wa pili utapewa jina langu la kazi, Ukumbi wa Fundi Mifupa, na bango la shaba mlangoni. Nimejikaza kisabuni mbele yake, lakini alipoondoka niliicheka keki peke yangu kama mwehu.

Niandikie. Nataka kujua alivyokuwa hivyo, hatua kwa hatua.

Baba yako, Fundi Mifupa


Kisiwani
14 Machi

Baba, shikamoo.

Hongera! Mpishi amekupigia sufuria kwa heshima yako na Mama Kipimo amecheka, jambo ambalo nadhani ameliandika kwenye daftari lake la matukio.

Umeuliza alivyokuwa hivyo. Nimekaa juu ya jiwe wiki tano, makalio yamekufa ganzi, na nafikiri sasa najua. Nitakusimulia kama ulivyokuwa ukinisimulia wewe.

Hapa upepo haulali. Ukianika nguo bila vibanio, umeagana nayo. Sasa fikiria popo wa kawaida, wale wa matunda, kimbunga kimewasukuma kutoka bara zamani sana, kabla hakujawa na watu wa kusema zamani. Wameangukia hapa wamelowa chapachapa. Kulipokucha, wale hodari, wenye mbawa ndefu na vifua vipana, wakapaa kwenda kutafuta chakula. Upepo ukawachukua moja kwa moja hadi baharini. Wale wavivu, waliokuwa wakiruka chini chini kama kuku, wakabaki. Wakazaana. Na katika watoto wao, wavivu zaidi ndio walioishi kuzaa tena. Unaona mambo? Huko kwetu mvivu ni wa kusemwa. Huku alirithi kisiwa.

Na chakula kiko wapi? Chini! Miti yote imeinama, haikufiki kiunoni, na matunda yanaanguka yenyewe. Apae kufuata nini? Nyoka hakuna. Paka hakuna. Kipanga hakuna, ndiyo maana anatembea mchana kweupe bila wasiwasi. Panya hakuna, wala hajawahi kuwepo. Mama Kipimo hupekua kila gunia linaloshuka melini, na juzi alirudisha gunia zima la unga kwa sababu ya tundu moja. Msuli wa kuruka nao ni mlafi, unakula kuliko mwenyewe, kwa hiyo aliyezaliwa na msuli mdogo alibakiwa na nguvu za kuzalia. Ndipo kidari kikawa bapa kama sahani, kile kile kilichokusumbua kukiunga. Miguu, ambayo kwa popo wengine ni ndoano za kuning'inia, ikanenepa, magoti yakageuka, akasimama.

Masikio sasa! Jana walikuwa kumi wanakula, kila mmoja na lake. Tunda likaanguka upande wa pili wa mwamba, pu! Masikio ishirini yakageuka kwa pamoja. Nilitaka kupiga makofi.

Nilikuja huku nikimwonea huruma, Baba. Mnyama aliyenyang'anywa anga. Sasa naionea haya huruma ile. Hakunyang'anywa kitu. Ni fundi kuliko mimi na wewe.

Mbona herufi zako zimekuwa kubwa kama za kibao cha duka?

Mwanao wa droo


Makumbusho, Ofisi ya Mkurugenzi
30 Machi

Kwa Mtafiti wetu kisiwani,

Salamu kutoka ofisini. Taarifa zako za awali zimetufurahisha sana.

Kama ujuavyo, tarehe 20 Juni tunamuenzi mzee wetu. Bango la shaba litachongwa mwishoni mwa Mei, na chini ya jina lake yataandikwa maneno haya: "Aliyeuonyesha ulimwengu kwamba popo gutu alipoteza mikono yake." Kwa kuwa wewe ndiye pekee uliyemwona mnyama akiwa hai, naomba unithibitishie sentensi hiyo kwa maandishi. Ni utaratibu tu.

Mzee ana furaha mno. Wiki hii amekuja mara tatu kuulizia shaba itang'arishwa kwa dawa gani.

Wako katika kazi,
Mkurugenzi


Kisiwani
18 Aprili

Kwa Mkurugenzi,

Naomba bango lisichongwe kwanza. Sentensi ile siwezi kuithibitisha. Sababu nitakupa, lakini si leo, na wa kwanza kuisikia lazima awe Baba. Nakuomba sana usimdokeze.

Mtafiti


Kisiwani
18 Aprili

Baba, shikamoo.

Hatujambo. Mvua imenyesha siku sita na Mama Kipimo ana furaha ya mtu aliyepokea wageni. Mpishi ameungua kidole kwa mafuta ya jenereta, au ya kukaangia, hajui.

Kuna jike mmoja mzee ninayemwita Bi Mkubwa. Sikio la kushoto limechanika, meno ya mbele yamelika hadi kwenye fizi, lakini akitokea wote wanampisha. Anachagua tunda kama mama mwenye nyumba sokoni, analibonyeza, analinusa, analiacha, anachukua la jirani yake. Mwaka huu amezaa. Umri ule! Anambeba mtoto kila aendako, kwenye miiba, kwenye mawe, kwenye upepo unaoniangusha mimi, na mtoto hajawahi kugusa ardhi. Namheshimu mno.

Nilikuwa nawaza, hiyo sherehe haiwezi kusogezwa mbele kidogo? Juni kuna baridi na kifua chako nakijua. Ngoja nirudi kwanza, tuwe pamoja.

Hujanijibu kuhusu herufi.

Mwanao wa droo


Nyumbani
6 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba, na usinifunge kamba.

Jana nilitandika barua zako tatu mezani, nikazipanga kama ninavyopanga mifupa kabla ya kuiunga. Masikio yapo. Miguu ipo. Kidari kipo, magoti yapo, meno yapo, hadi fizi za bibi kizee zipo. Kifua changu mimi nacho kimo. Mikono haimo! Mtu ameishi na popo miezi mitatu, anamwandikia fundi aliyempa mnyama huyo jina kwa sababu ya mikono, na hana neno moja la mikono. Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Pengo nalijua hata likifunikwa kwa maneno matamu. Halafu sherehe isogezwe kwa sababu ya baridi, mimi niliyekuwa nikichemsha mifupa nje mwezi wa Julai nimevaa singlendi!

Na huyo bibi kizee wako. Unasema anambeba mtoto kwenye upepo unaokuangusha wewe. Anambeba kwa nini? Kwa vigutu?

Niambie ulichokiona. Usiniremberembe. Wewe ndiye mtu ninayemwamini, na sitaki kuanza kukukagua uzeeni.

Herufi ni kalamu mbaya.

Baba yako


Kisiwani
24 Mei

Baba, shikamoo.

Nisamehe. Haya.

Tarehe 9 Machi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi, hatua tatu kutoka kwa Bi Mkubwa. Alifika kwenye tunda lake, akaketi kitako kama mtu aliyekaa kwenye ngazi, akafungua mikono. Mikono ilifunguka, Baba. Ilifunguka na kuendelea kufunguka. Vidole vinne baada ya gumba, kila mkono, virefu kuliko mwili wake, vyembamba, vimepinda kwa ndani kama mbavu, na kati yake utando wa rangi ya chai, laini kama shuka iliyofuliwa miaka. Vya kulia vilikuwa vimepishana na vya kushoto mbele ya tumbo, vimefanya kapu. Ndani ya kapu alikuwa mtoto, amelala, mdomo wazi.

Akampangusa uso kwa gumba, akamlisha kipande alichokitafuna yeye mwenyewe, akakunja tena. Kidole kwa kidole, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Manyoya ya kifua yakafunika kila kitu, akasimama juu ya vifundo na magumba, akaondoka. Ukimwona akipita utaapa hana mikono. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeapa kwa mwezi mzima.

Popo wote hubeba mtoto kifuani, unajua, mtoto akining'inia kwa kucha na meno. Angani inatosha. Huku chini, kwenye miiba na upepo, haitoshi. Mama aliyekuwa na vidole vilivyonyooka alifika kwenye chakula peke yake, mtoto kabaki njiani. Aliyekuwa na vidole vilivyopinda kidogo alifika naye. Aliyefuata vikapinda zaidi. Tulidhani mbawa ziliisha kwa kukosa kazi. Zilibadilishiwa kazi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilikionea uchungu hapo hapo, kwa sababu yako.

Barua ya tarehe 14 niliiandika nikijua. Niliandika masikio ili nisiandike mikono. Mkurugenzi anataka nithibitishe kwamba popo gutu alipoteza mikono, ndiyo maneno ya bango lako. Nimemwambia sithibitishi, sababu sijampa. Kwenye daftari langu ukurasa wa tarehe 9 upo, hakuna aliyeuona zaidi yangu. Ulinilea kwa mkono mmoja na kazi hii ukaifanya kwa mwingine. Ukisema ninyamaze mpaka sherehe ipite, au mpaka siku yoyote ile, nitanyamaza. Nakuachia wewe.

Mwanao wa droo


Nyumbani
8 Juni

Mwanangu,

Usinyamaze. Katika familia hii tayari yupo mmoja aliyenyamaza, anatosha.

Jikoni, juu ya kabati, kuna kopo la maziwa ya unga. Ni la maziwa yako ya uchanga. Umelipita maisha yako yote ukidhani lina misumari. Humo ndimo nilimowaweka wale wageni wa boksi la sabuni. Kuna mifupa ishirini na sita mirefu iliyopinda, niliyosema ni mbavu za ndege fulani, na kiberiti chenye uti wa panya, hana kichwa, niliyemkuta amenaswa katikati yao. Siku ile nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki tatu, wewe una homa. Niliona mifupa imepinda, nikasema mbavu, nikatupia kwenye kopo lililokuwa karibu. Nilikuwa nafuata kanuni yangu, na kanuni yangu ilinipa ruhusa ya kuacha kutazama.

Miaka kumi na mbili iliyopita, Jumamosi moja, nilishusha kopo nikitafuta waya. Nikaushika ubavu mmoja bila kuwaza. Ubavu una kichwa cha kuungia upande mmoja. Huu ulikuwa na vichwa pande zote mbili. Mwanafunzi wa wiki moja angeliona. Nilikwenda nao makumbusho, nikafungua kioo, nikausogeza kwenye ule mkono gutu, ukaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake. Nikautoa. Nikafunga kioo. Nikarudi nao nyumbani mfukoni.

Unataka kujua kwa nini? Haikuwa Profesa, wala vitabu vya shule. Wiki ile ulikuwa umejaza fomu ya chuo kikuu, ukaiacha mezani. Palipoulizwa sababu ya kuchagua masomo ya wanyama uliandika: "Kwa sababu baba yangu hajawahi kukosea mfupa." Niliisoma nimesimama, na mfupa uko mfukoni. Nikasema ngoja amalize chuo. Ukamaliza. Nikasema ngoja apate kazi. Kila mwaka nilikuwa na ngoja mpya.

Kwa hiyo mimi naficha ili nisikuvunje moyo, na wewe unaficha ili usinivunje moyo, na yule mama wa watu amekaa kwenye kioo miaka thelathini na moja hana mikono. Nimeona aibu, lakini zaidi nimefurahi, sijui kama vinaweza kukaa pamoja. Vidole vinavyofanya kapu! Nimekunja vyangu mara mia tangu barua ifike.

Mwandikie Mkurugenzi yote. Mimi nitamfuata kesho, na tarehe 20 nitakwenda na kopo langu. Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Kalamu haina ubaya wowote. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, hospitali wamenipa tarehe ya Julai. Naandika kwa kufuata ukingo wa rula. Mfupa mwembamba kama ule sitauona.

Baba yako


Ujumbe wa redio, kituo cha hali ya hewa cha kisiwani
17 Juni, saa tatu asubuhi

Upepo kusini-mashariki, kasi kubwa. Mvua milimita nne. Mawimbi ya wastani. Taarifa ya ziada kwa idhini ya mkuu wa kituo, ifikishwe kwa Fundi Mifupa: BABA, KISIWA HIKI HAKIJAWAHI KUWA NA PANYA. KIBERITI KIBEBE. MWISHO WA TAARIFA.


Nyumbani
22 Juni

Mwanangu wa droo,

Mwambie Mama Kipimo nampenda, kama ana mume aniwie radhi.

Ujumbe wako ulifika na tarishi wa idara ya hali ya hewa. Alinisomea wote, kuanzia upepo, akidhani mimi ni nahodha. Alipofika kwenye panya nikamwomba arudie. Kisha nikakaa, mwanangu, kwenye kiti cha jikoni, kiberiti mkononi, chai ikapoa.

Sherehe nitakusimulia. Viti vya kukodi, kitambaa cha buluu juu ya bango, mimi na koti langu la harusi. Mkurugenzi alikuwa na taarifa tangu nilipomfuata ofisini, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kung'olewa jino, lakini alinipa ufunguo wa kabati. Nikasimama mbele ya watu. Nikawaambia, "Kabla hamjafunua hicho kitambaa, kazi hii sijaimaliza. Nilikosea mikono. Nimejua kwa miaka kumi na mbili na nikanyamaza. Anayetaka kuondoka aende na keki, anayetaka kuona akae." Walioondoka ni wawili, na mmoja alirudi.

Nilivua koti, nikaomba meza, waya na koleo ndogo. Macho hayakunifaa kitu, niliyafumba kabisa nisipoteze muda kuyabembeleza. Kila mfupa niliushika, nikausikiliza ncha zake kwa vidole, nikauuliza wa mkono gani. Ilichukua saa tatu na nusu. Mwanzoni watu walikuwa wakinong'ona. Nilipofunga kidole cha tatu cha kulia wakavuta viti karibu, kwa sababu walianza kuona mkono unakokwenda. Nilifuata barua yako, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ulipopishana ule wa mwisho nilipitisha mkono wangu mbele ya kifua chake na nikakuta nafasi, duara, tupu, ya ukubwa wa ngumi.

Nikafungua kiberiti. Vipingili vyake ni vidogo kama punje za mchele, mwanangu. Nikaona sasa kwa nini nilimkuta amenaswa kati ya zile mbavu. Hakunaswa. Alikuwa ameshikwa. Alikufa ameshikwa, na mimi, mwenye mtoto wa miezi minne mkononi, nilimtoa nikamwita panya.

Nikamrudisha. Nilimwingiza kwenye kapu polepole, mgongo kwanza, nikiogopa mahali patakapokataa. Hakuna palipokataa. Watu walisimama, Mkurugenzi akapenga kamasi kama tarumbeta. Nimemwambia ile sentensi ya bango aitupe na jina la gutu lifutwe kila mahali, jina jipya utampa wewe uliyemwona akitembea. Anasema ukumbi bado ni wangu. Nimemwambia kitambaa kisifunuliwe mpaka urudi, na kwamba mlango una nafasi ya majina mawili.

Usikimbilie kurudi. Kaa na Bi Mkubwa mpaka mtoto wake ashuke chini, unieleze siku hiyo inavyokuwa. Julai nitafunguliwa macho, kwa hiyo andika herufi ndogo upendavyo.

Kopo limebaki tupu. Nimeliosha nimelirudisha juu ya kabati. Kwenye lile boksi la sabuni, mwanangu, hakukuwa na mgeni hata mmoja.

Baba yako